Imezimika, Imejizima au Imezimwa? Lugha ya Kuchunguza Virusi na Hali ya Tarakilishi ya Nyumbani

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tunaandika tasnifu zetu kwa tarakilishi, tunahifadhi humo rekodi za nyanjani, na aghalabu tunaibeba kazi hiyo yote kwenye flashi kutoka chumbani hadi kwenye saiba ya kuchapishia. Hata hivyo, tarakilishi inapogoma, wengi wetu huwa na sentensi moja tu ya kumwambia fundi: "Ina virusi." Sentensi hiyo hutamkwa mashine inapokwenda kwa kujikokota, inapozimika, faili isipoonekana, na hata kibodi inapoandika herufi isiyotakiwa. Fundi naye huipokea jinsi alivyopewa, akaomba aachiwe mashine, na baada ya siku mbili mashine ikarudi ikiwa safi kama siku iliponunuliwa: haina virusi, na haina tasnifu.

Makala haya yanashikilia kwamba tatizo hilo ni la lugha kabla ya kuwa la kiufundi. Kusema "ina virusi" ni kutoa hukumu pasi na kutoa ushahidi. Anayetibu kwa kufuata hukumu hiyo hutibu maradhi ambayo hakuna aliyeyaona. Kiswahili, kwa upande wake, kimejaliwa kauli za kitenzi na viambishi vya hali ambavyo, vikitumiwa kwa makini, hueleza hitilafu ya mashine kwa usahihi unaotosha kumwelekeza mtu kwenye chanzo chake. Tunakusudia kuonyesha jinsi ya kuzitumia nyenzo hizo pamoja na taarifa ambazo tarakilishi yenyewe huzihifadhi kuihusu hali yake. Tutajikita katika mashine zinazotumia mfumo endeshi wa Windows, kwa kuwa ndizo zilizotapakaa majumbani na katika saiba zetu.

Kirusi, mnyoo na hasidi

Neno lenyewe lina historia ya kuvutia. Fred Cohen, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, aliieleza dhana ya kirusi cha tarakilishi katika maandishi yake ya kitaaluma mwaka 1984. Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistan, walitunga Brain, kirusi kinachotajwa kuwa cha kwanza kuenea katika tarakilishi ndogo za IBM. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kiliona silabi ya mwanzo vi- kikaifanya kiambishi cha wingi, na hapo umoja wake ukajizaa wenyewe: kirusi. Ni mwenendo ule ule uliotupa kitabu na vitabu kutoka Kiarabu, kilabu na vilabu, kipilefti na vipilefti. Anayelalamika kwamba kirusi si neno na akae akitambua kwamba atalazimika kukikana na kitabu pia. Tahadhari moja tu: Kirusi kwa herufi kubwa ni lugha ya Urusi, na si haki kuisingizia.

Pamoja na neno ilikuja sitiari nzima ya maradhi. Tunasema flashi imeambukizwa, faili imewekwa karantini, tarakilishi imetibiwa. Sitiari hiyo inafaa kwa kuwa inatukumbusha kwamba tatizo huhama kutoka mashine moja hadi nyingine. Hata hivyo, ina hila yake. Inatufanya tuamini kwamba virusi hutokea tu, kama mafua wakati wa baridi, au kwamba tarakilishi huvipata kwa sababu ya uzee. Ukweli ni kwamba kirusi ni programu. Kuna mtu aliyeketi akaiandika, na haifanyi lolote mpaka iendeshwe, ama na mtumiaji anayeibofya, ama na programu nyingine yenye ufa unaoiruhusu kuingia. Sitiari ya maradhi imeleta hata aibu: mwanafunzi ambaye flashi yake ina tatizo hunyamaza, akaichomeka katika mashine ya mwenzake hivyo hivyo.

Istilahi pana inayotufaa ni programu hasidi. Ndani yake mna aina kadhaa, na tatu zinatosha hapa. Kirusi hujipachika ndani ya faili nyingine halali, hivyo huwezekana wakati mwingine kukiondoa na faili ikabaki. Mnyoo haujipachiki popote. Hujitegemea na kujinakili wenyewe kupitia mtandao au flashi, na dawa yake ni kuufuta pamoja na kuziba njia ulimopitia. Trojani, iliyopewa jina kutokana na farasi wa Troy, hukaribishwa na mwenye nyumba: hujifanya programu ya manufaa, mathalan nakala ya bure ya programu inayouzwa, na kuingia kwa idhini ya yule yule atakayeathirika. Wanafunzi wanaosaka programu ghali zilizovunjwa kufuli huitafuta Trojani kwa mikono yao wenyewe.

Hapa pana swali dogo la upatanisho wa kisarufi. Je, mnyoo wa tarakilishi uwe katika ngeli ya A-WA kama mnyoo wa tumboni, au katika U-I? Tumechagua U-I, kwa sababu programu haina uhai wala nia. Mwenye nia ni aliyeiandika.

Kauli tatu za kitenzi zima

Tuanze na dalili iliyo maarufu kuliko zote: tarakilishi kuzima ikiwa katikati ya kazi. Katika mazungumzo ya kawaida tunaridhika na "imezima". Lakini mnyambuliko wa kitenzi hiki unatupa njia tatu zilizo tofauti kabisa.

Ikiwa tarakilishi imezimika, tumetumia kauli ya kutendeka. Hakuna mtenda anayetajwa. Hali imetokea tu. Skrini hugeuka nyeusi kwa mara moja, bila ujumbe, bila kuaga. Hali hii aghalabu hutokana na mambo ya umeme na joto: betri iliyochoka, waya uliolegea, stima iliyopotea, au kichakataji kilichopata joto kupita kiasi kikajikatia umeme ili kisiungue. Kipakatalishi kilichowekwa juu ya blanketi, matundu yake ya hewa yakazibwa, huzimika hivi. Kingavirusi bora kuliko zote duniani haitakisaidia. Kitasaidiwa na meza ngumu na kusafishwa vumbi kwenye feni.

Ikiwa imejizima, kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni kitu kimoja. Mashine imefunga programu zake kwa utaratibu, ikaonyesha ujumbe, kisha ikazima au kuwaka upya. Mara nyingi hii ni kazi ya mfumo endeshi unaojisasisha.

Ikiwa imezimwa, kauli ya kutendwa inadai swali: imezimwa na nani? Mnamo Agosti 2003 maelfu kwa maelfu ya watumiaji wa Windows XP waliona kidirisha kikihesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha tarakilishi ikawaka upya, tena na tena. Hicho kilikuwa kilele cha mnyoo uliojulikana kama Blaster, ambao kwa kuivamia huduma fulani ya Windows uliiangusha, na mfumo ukalazimika kuanza upya. Windows ilikuwa imekwisha kutolewa kiraka cha ufa huo mwezi uliotangulia, Julai 2003. Aliyesema kwa uangalifu, "Huzimwa kila niingiapo mtandaoni, na kuna kidirisha kinachohesabu sekunde," alikuwa amekwisha kueleza ugonjwa wake barabara, hata kama hakujua jina lake.

Hu- katika sentensi hiyo nayo haikuwekwa kwa pambo. "Imezimika" ni tukio moja, na tukio moja halithibitishi kitu. "Huzimika" ni mazoea, na mazoea yana masharti yake: huzimika baada ya muda gani? ikifanya nini? ikiwa imechomekwa kwenye umeme au ikitumia betri? Anayejibu maswali hayo matatu amekwisha kuondoa nusu ya dhana zisizohusika.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Windows yenyewe huweka kumbukumbu za matukio haya, na kumbukumbu hizo zinafuata karibu mgawanyo ule ule wa kauli. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr, kisha ingia katika kumbukumbu za Windows, sehemu ya mfumo. Tukio lenye nambari 41 hurekodiwa mashine inapowaka baada ya kuzima bila utaratibu. Hii ndiyo kutendeka, na utaona kwamba haimtaji mtenda. Tukio lenye nambari 1074 hurekodiwa pale ambapo programu au mtumiaji ameagiza mashine izime au iwake upya, na hapo jina la programu iliyoagiza huandikwa. Hiyo ndiyo kutendwa, pamoja na "na" yake. Ukikuta jina la huduma ya masasisho, umepata jibu na unaweza kwenda kulala. Ukikuta jina la programu usiyoijua, una neno la kuanzia utafiti.

Mashine inavyojieleza

Daktari huuliza umri na uzito kabla ya kuandika dawa. Vivyo hivyo, kabla ya kupakua kingavirusi yoyote, ni sharti ujue tarakilishi yako ni ipi. Bonyeza tena kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Kidirisha kidogo kitakuonyesha toleo la Windows na nambari yake. Kisha rudia hatua hiyo na uandike msinfo32. Humo utapata jina la mtengenezaji, modeli, aina ya mfumo, kichakataji na kiasi cha kumbukumbu. Yaandike katika daftari. Siku mashine isipowaka kabisa, daftari ndilo litakalojibu maswali ya fundi.

Toleo la mfumo endeshi lina uzito kuliko taarifa nyingine zote. Microsoft iliacha kuitolea Windows XP viraka vya kawaida vya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 kwa wasiojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Ufa unaogunduliwa baada ya tarehe hizo hubaki wazi. Umuhimu wa viraka ulidhihirika tarehe 12 Mei 2017, mnyoo wa WannaCry ulipozivamia tarakilishi katika nchi nyingi na kuzilemaza hospitali kadhaa za Uingereza. Kiraka cha ufa uliotumiwa kilikuwa kimetolewa Machi 2017, miezi miwili kabla. Waliokuwa wamekisakinisha hawakuguswa kupitia njia hiyo.

Mwenye mashine kongwe isiyoweza kubeba Windows 11, ambayo hudai kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ana njia nyingine: kusakinisha Linux, ambayo ni ya bure na ingali inatolewa viraka. Wapenzi wa Kiswahili watakumbuka kwamba mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililoitwa Jambo, mwaka 2004. Juhudi ile ilistahili wafuasi wengi zaidi kuliko ilivyowapata.

Aina ya mfumo hueleza iwapo Windows yako ni ya biti 32 au biti 64. Windows ya nyumbani ya biti 32 haiwezi kutumia kumbukumbu inayozidi GB 4, hata ukinunua zaidi. Kiasi cha kumbukumbu nacho hueleza ule ukokotaji unaosingiziwa virusi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona orodha ya programu zinazoendeshwa na kiasi ambacho kila moja inakula. Tarakilishi yenye GB 2 iliyofunguliwa kurasa ishirini za wavuti haina ugonjwa; ina mzigo. Diski iliyojaa pomoni nayo huenda kwa mwendo wa kobe.

Orodha hiyo ya programu huwatia watu kiwewe kisichokuwa na sababu, hasa wanapoliona jina svchost.exe limerudiwa mara nyingi. Hilo ni jambo la kawaida. Linalostahili kutiliwa shaka ni jina linalofanana nalo lakini limekosewa, mathalan scvhost, au jina sahihi lililo mahali pasipo pake. Faili halali ya svchost.exe hukaa ndani ya C:\Windows\System32. Inayojiita hivyo huku ikiwa ndani ya kabrasha la vitu vilivyopakuliwa ni mwigaji. Mwanafunzi aliyezoea kulinganisha miswada ya tenzi, akitafuta herufi iliyobadilishwa na mnakili, ana jicho lifaalo kwa kazi hii kuliko anavyodhani.

Kabla ya kuiacha sehemu hii, itazame saa iliyo pembeni mwa skrini. Ikiwa tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha, na tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vitaonekana kana kwamba muda wake haujafika. Wengi wamefuta mfumo mzima kwa ajili ya betri ya shilingi chache.

Zimefutwa au zimefichwa?

Sasa tufike penye uchungu. Chukulia mwanafunzi wa uzamili aliyerekodi masimulizi ya wazee kwa muda wa miezi mitatu. Rekodi zimo katika flashi, ndani ya makabrasha yaliyopewa majina ya vijiji. Anakwenda saiba kuchapisha sura ya pili, anarudi, anaichomeka flashi katika kipakatalishi chake, na makabrasha yote yamegeuka vijipicha vyenye mshale mdogo pembeni. Akibofya, anapata ujumbe wa kosa. Anamwambia fundi, "Faili zimefutika." Fundi anamjibu kwamba dawa ni kuifomati flashi. Akikubali, kitenzi kimoja kilichochaguliwa vibaya kitakuwa kimezika sauti za watu ambao huenda baadhi yao hawatapatikana tena kurekodiwa.

Hali aliyoiona ni ya mnyoo wa vijia vya mkato, ambao umezisumbua saiba na maabara za vyuo kwa miaka mingi. Utendakazi wake ni huu. Unapoingia kwenye flashi huyapa makabrasha yako sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, ndipo yasionekane. Kisha huunda kwa kila kabrasha kijia cha mkato chenye jina lile lile. Ukikibofya, huuendesha mnyoo kwanza na mara nyingi hulifungua kabrasha halisi baadaye, ili usishuku kitu. Ujumbe wa kosa hutokea pale ambapo kingavirusi imekwisha kuufuta mnyoo lakini vijia vyake vimesalia. Makabrasha yenyewe hayajaguswa. Zimefichwa, hazikufutwa, seuze kufutika.

Njia ya kuthibitisha ni rahisi na haihitaji programu yoyote. Mosi, tazama ukubwa: kijia cha mkato huwa na KB 1 au 2 tu, ilhali kabrasha la rekodi lina mamia ya MB. Pili, bofya kulia juu ya flashi yenyewe na uangalie nafasi iliyotumika. Ikiwa unaona vijipicha vinne vya KB 2, lakini flashi inasema imetumia GB 3, basi rekodi zako zimo humo humo.

Kwa nini mnyoo wa namna hii ukashamiri? Hapo zamani Windows XP ilikuwa ikisoma faili iitwayo autorun.inf katika flashi na kurahisisha uendeshaji wa programu iliyotajwa humo. Conficker, mnyoo uliojitokeza Novemba 2008, uliitumia njia hiyo pamoja na nyingine. Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 ilikuwa imeufunga mlango huo kwa flashi, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho la kuufunga katika matoleo ya awali. Mlango ulipofungwa, waandishi wa minyoo walihitaji kidole cha binadamu. Kijia cha mkato chenye jina la kabrasha lako mwenyewe ni chambo kizuri cha kukinasa kidole hicho.

Utaratibu wa kuziokoa faili unategemea mpangilio, na wanaoukosea hurudi walipoanza. Usianze na flashi. Anza na tarakilishi. Mashine ambayo mnyoo umo ndani yake itaiambukiza flashi kila inapochomekwa, hata ukiisafisha mara kumi. Tutaeleza usafishaji wa mashine baadaye kidogo. Mashine ikishakuwa safi, au ukipata nyingine usiyoitilia shaka, chomeka flashi bila kubofya kijia chochote. Itambue herufi yake. Tuseme ni E. Fungua kidirisha cha amri kwa kubonyeza kitufe cha Windows na R, kisha uandike cmd. Ndani yake andika amri hii, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo inasomeka kama sentensi. Alama ya kutoa ni kikanushi: inaondoa sifa. Herufi h ni sifa ya kufichwa, r ni ya kusomwa tu pasi na kubadilishwa, na s ni ya faili za mfumo. /s inaiagiza amri iingie katika makabrasha yaliyo ndani ya makabrasha, na /d inaiagiza iyashughulikie makabrasha yenyewe. Subiri mpaka mstari mpya utokee. Fungua flashi, na vijiji vyako vyote vitakuwa vimerudi, vikiwa kando ya vijia vya uongo. Nakili kwanza rekodi na maandishi mahali pengine, ndipo ufute vijia hivyo. Mwenye rafiki anayetumia Linux ana njia fupi zaidi, kwa sababu kwa kawaida mfumo huo hauzingatii sifa hizo za kufichwa na hauendeshi vijia vya Windows.

Wakati wa kunakili, yaangalie majina ya faili kwa jicho la mwanamofolojia. Jina la faili lina mzizi na kiambishi tamati: sura2.docx, kisa.wav. Kiambishi hicho ndicho kinachoeleza aina ya faili, na Windows, kwa ukarimu usiotakikana, hukificha kwa viambishi inavyovijua. Mei 2000 barua pepe zenye kichwa cha mapenzi zilisambaa ulimwenguni kutoka Ufilipino, zikiwa na faili iliyoonekana kuishia na TXT, yaani maandishi ya kawaida. Kiambishi chake halisi kilikuwa vbs, kilichofichwa, na hiyo ilikuwa programu. Katika mipangilio ya kidirisha cha faili, ruhusu viambishi vyote vionekane. Kisha nakili docx, pdf, wav na mp3 zako, na uziache vbs, js, lnk na exe usizozijua zilipo.

Kirusi hicho hicho cha Mei 2000 kinatupa mfano bora wa tofauti tunayoisisitiza. Picha za jpg kilizozikuta kiliandika msimbo wake juu yake, hivyo zikapotea. Nyimbo za mp3 kilizificha tu, kikaweka faili zake mahali pake. Mwathiriwa aliyesema "vitu vyangu vyote vimefutika" alikuwa sahihi kwa picha na alikosea kwa muziki, na waliomsikiliza wakafomati diski walimkamilishia hasara.

Ziko hali nyingine mbili. Faili zilizofutwa kweli huwa hazijatoweka papo hapo katika flashi. Nafasi yake imetangazwa kuwa wazi. Kwa hiyo, acha mara moja kuandika chochote humo, kisha utumie programu ya kurejesha faili, mfano PhotoRec ambayo ni ya bure, ukielekeza zinazookolewa kwenye diski nyingine. Faili zilizosimbwa ni jambo zito zaidi. Zipo, zinaonekana, lakini kiambishi tamati kimebadilika, hazifunguki, na kuna ujumbe unaodai malipo. Kubadilisha jina hakusaidii. Tangu Julai 2016 polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni kadhaa za usalama wameendesha mradi wa No More Ransom unaotoa bure vifunguo vya baadhi ya aina hizo. Pengine mwathiriwa atabahatika. Asipobahatika, azihifadhi faili zilivyo, kwani kifunguo huweza kupatikana baada ya miezi.

Kuisafisha mashine

Kazi hii ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kingavirusi ya Microsoft huja ndani ya mfumo wenyewe. Kusakinisha kingavirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hakuongezi ulinzi. Huzigombanisha na kuichosha mashine. Sasisha iliyopo, kisha uchague ukaguzi wa nje ya mtandao unaopatikana katika Windows 10 na 11. Ukaguzi huo huwasha mashine upya na kufanya kazi kabla Windows yenyewe haijapanda, wakati ambapo mnyoo haujapata nafasi ya kujificha. Huchukua takriban dakika 15.

Baada ya hapo, rudi kwenye kidirisha kile cha Ctrl, Shift na Esc, sehemu ya programu zinazoanza pamoja na mashine, na uzime usizozitambua. Kwa mnyoo wa vijia, itafute wscript.exe miongoni mwa zinazoendeshwa. Ni programu halali ya Windows, lakini ikiwa inaendeshwa daima ilhali wewe huna hati-amri yoyote uliyoianzisha, kuna kitu kinachoitumikisha. Ama zile kurasa za wavuti zinazopiga kelele kwamba virusi 37 vimeonekana na zikakupa nambari ya simu, hizo hazijakagua chochote. Funga kivinjari. Usipige simu.

Mashine ikithibitika kuwa ilikuwa na Trojani, badilisha nywila za barua pepe na za benki kwa kutumia simu au tarakilishi nyingine iliyo safi, kwani nywila mpya iliyochapwa kwenye mashine yenye ugonjwa huibwa kama ile ya zamani. Baada ya kusafisha, weka rekodi katika sehemu tatu, mojawapo ikiwa nje ya chumba chako: diski iliyoachwa kwa jamaa, au hifadhi ya mtandaoni ya chuo ikiwapo. Usiishie kwenye kunakili. Fungua rekodi iliyo ndefu kuliko zote katika kila nakala, uende moja kwa moja hadi dakika yake ya mwisho na usikilize, kwa maana rekodi iliyokatizwa wakati wa kunakiliwa hukatikia huko.